Sabuni ya Yangeyange

Mvua ya kwanza ikinyesha Musoma, kuna harufu inayopanda kutoka chini ya miti yenye viota kule karibu na ziwa. Ni mavi ya ndege, tusizungushe maneno: mavi yaliyokauka juu ya majani na udongo, halafu yakalowa yote kwa mpigo. Wapita njia wanaziba pua. Mwenye bodaboda anaongeza kasi. Mimi hupunguza mwendo. Wiki iliyopita binti yangu, aliyenisindikiza kupeleka mzigo, alinishika mkono akidhani nimepata kizunguzungu. Nikamwambia sina kizunguzungu, nanusa mali. Alinitazama kama anavyonitazama nikibishana na muuza nyanya juu ya nyanya moja ya nyongeza.

Nimefanya biashara maisha yangu yote, na kila kitu nakihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa macho, ya pili kwa mashaka. Watu wa sokoni husema nilizaliwa hivyo. Si kweli. Nilifundishwa nikiwa mtoto wa kama miaka tisa, na tulichokuwa tunahesabu hakikuwa bidhaa. Walikuwa yangeyange, wale ndege weupe wanaotembea na ng'ombe, waliojenga viota juu ya mgunga uliosimama uani kwa dobi.

Wenzangu wa rika langu hamhitaji kuelezwa miaka ile ilivyokuwa. Duka lipo, rafu zipo, mwenye duka yupo ameegemea kaunta, bidhaa ndiyo haipo. Ukiona foleni unaingia kwanza, unauliza baadaye wanauza nini. Nyumbani kwetu Kamunyonge tulifulia majani ya mpapai, ambayo hutoa povu la kukutia moyo tu, kisha huiacha nguo na rangi ya chai. Sabuni ya mche ikipatikana, kwa foleni au kwa magendo ya kutoka ng'ambo ya mpaka, Mama aliikata kwa uzi, akavifunga vipande kwenye kitambaa na kuvificha ndani ya debe la mahindi. Mgeni akiomba sabuni ya kuogea tulimpa jiwe la kusugulia miguu, na tukamsifia jiwe.

Pamoja nasi aliishi Shangazi Wegesa, dada mkubwa wa Baba, aliyekuwa akiuza karanga na mihogo ya kuchemsha stendi. Shangazi alikuwa na ng'ombe. Ukimtazama na sinia lake la mihogo usingedhani, lakini mtaa wetu wote ulikuwa hivyo: hakuna aliyekuwa na zizi, na kila mmoja alikuwa na ng'ombe mahali fulani. Walikuwa wamewekeshwa, yaani wamekabidhiwa kwa ndugu au rafiki kijijini awachunge. Wa Shangazi walikuwa Buswahili, upande wa Butiama, kwa Baba Mdogo Magesa. Utaratibu wake niliujua kabla sijajua kusoma. Anayewatunza anakamua, anakunywa maziwa, samadi anatia shambani. Wewe mwenye mali unahesabiwa ndama, na ukienda kuwaona huendi mikono mitupu. Ng'ombe akifa, mtunzaji anakuonyesha ngozi. Asipokuonyesha ngozi, Shangazi alisema, huyo ng'ombe hajafa, ameuzwa.

Sasa huyo dobi. Alikuwa Bi Zuhura, mjane, ambaye babu yake alikuja Musoma na biashara kutoka Ujiji na hakurudi tena. Alifua mashati ya makarani, sare za wauguzi, na kanzu za Ijumaa, zote nyeupe. Ua wake ulikuwa umejaa mawe makubwa kama zilivyo nyua nyingi za Musoma, na pahala pekee palipopata jua la kutosha ni katikati, penye ule mgunga. Kamba ya nguo alikuwa ameifunga kwenye mti huohuo. Kwa miaka mingi hapakuwa na ugomvi. Kisha masika moja yangeyange wakaja, wakautazama mji mzima wa Musoma na miti yake yote, wakachagua ule.

Siku tuliyoingia kwenye habari hii, Shangazi na mimi tulikuwa tunarudi kutoka stendi. Tulimkuta Bi Zuhura uani, ameshika shati kwa ncha za vidole. Pembeni yake alisimama mchoma mkaa mmoja na shoka, shingo ameinyoosha, anaupima mgunga kwa macho kama mtu anayepima kitambaa.

"Hili ni la karani wa benki," Bi Zuhura alimwambia Shangazi. "Nimelifua asubuhi. Nikalifua saa nne. Sasa lione."

Tukaliona. Bega lote lilikuwa limechorwa ramani.

"Lifue tena," Shangazi akasema.

"Nilifulie nini? Mate?"

Shangazi akatua sinia lake. Juu yetu ndege walikuwa wanakoroma na kugombania vijiti, na kitu kama mguu wa chura kikaanguka karibu na mchoma mkaa, akasogea.

"Usiukate huo mti, Bi Zuhura. Hawa ndege ni wa ng'ombe wetu."

"Basi waiteni wakalale na ng'ombe wenu."

"Ng'ombe wetu wako Buswahili. Wengine wako Bunda huko, wengine Butiama. Josho limekauka, dawa hakuna, kupe wanajaa masikioni kama kunde kwenye ganda. Hawa ndio dawa iliyobakia. Wanazaaga hapa, wakishakuza watoto wanakwendaga kwa ng'ombe."

"Kutoka hapa mpaka Buswahili. Nauli anawapa nani?"

Mchoma mkaa akauliza akate au asikate, kwa sababu kuna mti mwingine unamsubiri Nyasura na lori la Bunda linaondoka saa nane. Shangazi akamwambia aende akawahi lori. Bi Zuhura akamwambia asiende. Kisha Shangazi akakaa juu ya jiwe. Shangazi akikaa chini kwenye biashara, ujue haondoki mpaka imeisha.

Alisema hivi: kila nyumba ya mtaani yenye ng'ombe popote itatoa kipande cha sabuni kila mwezi. Vipande vyote vinaletwa kwa Bi Zuhura. Shati likichafuliwa, linafuliwa tena kwa sabuni ya wenye ng'ombe, na mti unabaki. Bi Zuhura akauliza kipande cha ukubwa gani. Shangazi akaonyesha kidole gumba. Bi Zuhura akaonyesha kiganja. Walipanda na kushuka, wakamtaja Mungu kila mmoja kwa upande wake, na mwishowe wakakubaliana ukubwa wa kiberiti.

"Kiberiti kizima," Bi Zuhura akasema. "Si kiberiti cha kwenu cha nusu."

"Kizima."

"Na kila mwezi? Hata ndege wakiwa hawapo?"

"Mwezi ni mwezi," Shangazi akasema. Alikuwa tayari anajipangusa vumbi.

Mchoma mkaa alitaka fidia ya shingo yake. Akapewa tawi kavu na muhogo mmoja.

Kazi ya kukusanya nilipewa mimi, na kikapu kidogo chenye kifuniko. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nilipita nyumba kwa nyumba na kiberiti kitupu mkononi cha kupimia. Nakiri kwamba raha yangu kubwa ilikuwa kile kiberiti. Mtu mzima anakuletea kipande chembamba, wewe mtoto unakiweka kando ya kiberiti, mnatazamana tu, naye anarudi ndani kuongeza. Hakuna aliyekuwa na sabuni ya kuchezea. Waliotoa walikuwa wanavua watoto wao povu la wiki nzima. Lakini ukiwatajia ng'ombe, watu wa kwetu hulainika.

Aliyenisumbua ni Mzee Masatu, mvuvi wa kutoka rasi ya Majita, ambaye hakuwa na ng'ombe hata wa picha.

"Mali yangu mimi iko majini," alisema. "Na ndege ndio wanaoniibiaga."

"Hao ni mnandi, Babu. Weusi. Hawa ni weupe."

"Mweupe, mweusi, wote wana midomo."

Mara ya tatu alichoka kuniona mlangoni, akanipa kipande chembamba kama ukucha, nikakipokea bila kukipima, nikihesabu kwamba mlango uliofunguka kidogo ni bora kuliko uliofungwa. Tangu siku hiyo, kila akipita mbele ya ule mgunga alisimama, mikono nyuma, akiukagua kama mwenye hisa.

Hapo ndipo ilipo akili yangu ya utoto, na bado naiona ilikuwa akili nzuri. Nilisikia Shangazi akisema ndege ni wa ng'ombe wetu. Nikaona tunapeleka zawadi kila mwezi kwa anayekaa nao. Kwangu hapakuwa na swali lililobaki. Tumewekesha. Kama vile tulivyowekesha ng'ombe kwa Baba Mdogo Magesa, tumewekesha yangeyange kwa Bi Zuhura. Yeye ni mtunzaji, sisi ni wenye mali, na mwenye mali anahesabu.

Basi nikawa nakwenda kuhesabu. Nililala chali juu ya jiwe, nahesabu viota kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, na ikiwa hesabu mbili hazikupatana nilianza upya. Mayai sikuyaona vizuri, ila maganda yake yalianguka, rangi yake kama maji ya buluu ile Bi Zuhura aliyotia kwenye nguo nyeupe. Baadaye vichwa vya makinda vikaanza kuchomoza, na manyoya yamesimama kama watoto walioamshwa ghafla. Nilimpelekea Shangazi hesabu ya ndama kila jioni. Yeye akitwanga karanga aliniitikia, "Vizuri. Na wa jana?" Hakunisahihisha. Leo nadhani hakuona cha kusahihisha.

Bi Zuhura ndiye aliyeligundua wazo langu, na akalifurahia kuliko mimi. Nikitokeza kwenye ukuta alisema, bila kuinua uso kutoka kwenye beseni:

"Mwenye mali amekuja. Hesabu, mama, nisije nikasingiziwa nimechinja."

Kinda mmoja alianguka akaliwa na paka. Nilidai ngozi. Bi Zuhura akaweka pasi ya mkaa chini, akatafuta kwenye vumbi, akanikabidhi unyoya mmoja kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Shangazi aliugeuzageuza mwangani, akatangaza kwamba kifo ni cha halali.

Mambo yaliharibika makinda walipokomaa. Nilikuwa nimeugua malaria nikalala siku kadhaa, na nilipotoka nikaenda moja kwa moja kwenye jiwe langu. Mti ulikuwa mtupu. Matawi meupe kwa mavi, viota vimelegea, na kimya ambacho kilinifanya nisikie ziwa kwa mara ya kwanza kutoka pale. Nguo za Bi Zuhura zilikuwa kwenye kamba, nyeupe pee, na wateja wawili walikuwa wanangoja zao.

"Mifugo yetu iko wapi?" nikauliza.

"Imeondoka," Bi Zuhura akasema.

"Yote?"

"Yote."

"Na ngozi?"

Wale wateja wakatazamana. Bi Zuhura alicheka mpaka akaketi. Kisha akachukua ufagio wake wa chelewa, akafagia manyoya yote yaliyokuwa chini ya mti, akayajaza kwenye kikapu changu, akakibonyeza kifuniko.

"Ngozi hizo. Kahesabu."

Nilikwenda nazo nyumba kwa nyumba. Niliona ni wajibu wangu kuwaarifu wenye mali kwamba mifugo imekwisha yote, na nikawaonyesha ngozi. Watu walifungua kikapu, wakacheka, wakasikitika, wakapiga chafya. Mwisho wa kucheka wakafikia hesabu ileile: kama ndege wameondoka, sabuni ni ya nini? Mzee Masatu alisema yeye alijua tangu mwanzo. Jumamosi ya mwezi uliofuata nilizunguka na kiberiti changu, nikarudi na kipande kimoja tu, cha nyumbani kwetu.

Bi Zuhura alikitazama kile kipande ndani ya kikapu kitupu namna ile.

"Shangazi yako alisema mwezi ni mwezi," alisema. Safari hii hakuniita mwenye mali. "Mimi wakati wa mavi nilivumilia, nikafua mara tatu, nikagombana na karani. Sasa ni wakati wa kupumua, mnanidhulumu. Mwambie nangoja mwezi mmoja. Yule wa mkaa amepita hapa juzi. Anasema kiangazi ndio wakati mzuri wa kukata, mti unakuwa mkavu."

Nilimfikishia Shangazi maneno hayo kama yalivyokuja. Nilingoja anifokee kwa habari ya manyoya. Aliendelea kumenya muhogo, ganda likawa refu, refu, halikukatika. Mwishowe akasema, "Shule inafunga lini?"

Shule ilipofunga akanichukua Buswahili. Tulipanda lori la mzigo, juu ya magunia, na Shangazi alimpa Mama Mdogo, mke wa Magesa, zawadi yetu tulipofika: kipande cha sabuni, ukubwa wa kiberiti. Niliona kile kipande nikaumia, nikafikiria kingefaa wapi.

Asubuhi Baba Mdogo Magesa alitutangulia malishoni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kujibu swali baada ya kulitembeza kidogo kinywani. Ng'ombe walikuwa wametawanyika kwenye majani makavu karibu na kijito. Na kati yao, chini ya matumbo, mbele ya pua, mmoja amesimama mgongoni kwa fahali kama kondakta, walikuwapo. Weupe. Wanapiga hatua ng'ombe anapopiga hatua, wanadonoa, wanangoja, wanadonoa.

Nilihesabu ng'ombe. Nikahesabu ndege. Nikarudia.

"Baba Mdogo, hawa ndege wamefika lini?"

Alilitembeza swali. "Hawa? Masika hawakuwepo. Wamekuja juzijuzi tu."

"Wametoka wapi?"

"Mimi nitajuaje mwanangu. Upande wa ziwa huko."

Nikamgeukia Shangazi. Yeye alikuwa ameinama anafunua sikio la ng'ombe wake mwekundu, anatafuta kupe.

"Shangazi, ni wale wetu?"

"Wewe ndiye unayehesabuga," akasema. "Unaonaje?"

Mimi niliona ni walewale, hata mmoja mwenye kucha iliyopinda nilimtambua, au nilimtambua kadiri mtu anavyoweza kumtambua ndege akiwa na miaka tisa na ana hamu. Hawakuuzwa. Hawakuchinjwa. Walikuwa kazini. Jioni Baba Mdogo akatueleza kwamba kiangazi kikizidi huwahamishia ng'ombe mbali, kwenye maji, mwezi hata miwili, zizi likabaki tupu. Nikamwuliza, wakati huo Shangazi akija anakuja na zawadi au haji nayo? Mama Mdogo ndiye aliyejibu, kutoka jikoni: "Ajaribu kuja bila."

Sikuhitaji zaidi. Tuliporudi Musoma sikusubiri hata Jumamosi. Nilipita mlango kwa mlango na hoja moja: ng'ombe wakihamia malisho, je, mnavunja zizi? Mnamwambia mtunzaji ale mawe mpaka warudi? Nimewaona kwa macho yangu, wako Buswahili, wanafanya kazi, watarudi na masika, na wakirudi wakute nini? Nilikuwa mfupi na sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini nilikuwa nimeona, na wao hawakuwa wameona.

"Walikutambua?" Mzee Masatu akauliza.

"Walikuwa kazini, Babu."

Alifikiri. "Hata mimi nikiwa kazini sisalimiagi," akasema, akaingia ndani.

Nilikusanya sabuni ya mwezi ule na ya mwezi uliopita. Bi Zuhura aliipokea, na yule wa mkaa akaambiwa atafute kwingine.

Hivi karibuni kijana mmoja alikuja dukani kwangu na fulana yenye picha ya ndege, anaomba watu watoe mchango kila mwezi wa kulinda ndege wa ziwa. Alikuwa amejiandaa kunishawishi kwa muda mrefu, maana walishamweleza mimi ni nani. Nilimuuliza swali moja tu: hata mwezi ambao ndege wenyewe hawaonekani? Akasema hasa mwezi huo. Nikaona huyu anaijua kazi yake, nikajiandikisha. Sikumwomba hata apunguze, jambo ambalo wasaidizi wangu wanalizungumzia mpaka leo.

Turudi kwenye mgunga wetu. Masika yakaja, na ndege wakaja nayo. Nilisikia kabla sijaona: ule mkoromo, na Bi Zuhura akimwambia mtu, "Wamerudi mashetani," kwa sauti ambayo haikuwa ya kusikitika kama alivyotaka iwe. Wakazaa, wakaenda, tukatoa sabuni. Wakaja tena. Kikapu changu kilitobolewa na panya nikapewa kingine.

Kisha ikaja ruksa, yaani wafanyabiashara wakaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje. Mnakumbuka. Kwa muda mfupi tu rafu zikajaa, hata hatukujua tuanze kutazama wapi. Sabuni ya kijani, ya buluu, ya kunukia, ya unga kwenye karatasi. Mtu alinunua kipande bila kumjua mtu. Mitaani kila mwenye ukuta ulioelekea barabara akatoboa dirisha akaanza kuuza. Watu walishangilia, nami nilishangilia pamoja nao, mpaka usiku mmoja nikiwa kitandani nikapiga hesabu nikaketi kitako. Bidhaa yetu ilikuwa imeshuka thamani. Tulichomlipa nacho Bi Zuhura miaka yote sasa kilikuwa kinauzwa mlangoni kwake. Nami sikuwa na kitu kingine cha kutia kwenye kikapu.

Hofu yangu haikuchelewa kupata miguu. Jumamosi iliyofuata nilikuta fundi ujenzi uani kwa Bi Zuhura, anapima kwa kamba kutoka barabarani mpaka kwenye shina la mgunga. Bi Zuhura hakupokea kikapu.

"Kamwite shangazi yako," alisema. "Leo si mazungumzo ya mtoto."

Nilikimbia. Shangazi alikuja na kanga yake nzuri, nikajua na yeye anaogopa. Tuliwekewa mkeka, tukapewa kahawa kwenye vikombe vidogo, na juu yetu makinda walikuwa wanalia njaa.

"Sabuni imejaa, Bi Wegesa," Bi Zuhura akasema. "Mnaniletea kitu ambacho nakikanyaga nikitoka nje. Na huyu fundi anasema mti ukitoka hapa, napata fremu ya duka inayotazama barabara. Mimi nitafua mpaka lini? Mgongo huu hapa."

Shangazi alikunywa kahawa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona hana bei ya kutaja.

"Tunaweza kuongeza..." akaanza.

"Ngoja nimalize. Nimemsikiliza huyu mwanao tangu yuko mdogo. Ngozi, ndama, malisho, yote nimefundishwa. Sasa nataka kuuliza jambo moja ambalo hajanifundisha." Akanitazama. "Huko kwenu, mtu akikaa na mifugo ya mwenzake mwaka hadi mwaka, akaitunza, ikazaa, haikupotea. Anapewaga nini?"

Alisema *anapewaga*, kama sisi. Shangazi aliweka kikombe chini.

"Anapewa mtamba," akasema taratibu.

Ndivyo ilivyo. Mtunzaji mwema, baada ya muda, anapewa ng'ombe jike mchanga katika uzao aliouchunga, awe wake moja kwa moja, na watakaozaliwa naye ni wake. Asiyetoa mtamba hupewa jina baya ambalo hufika vijijini kabla yake.

"Basi mtamba wangu mimi uko wapi?"

Shangazi alianza kucheka ndani ya kanga, mabega yakitikisika. Kisha akanigeukia mimi. "Mwenye hesabu ni huyu," akasema. "Mpe."

Nilisimama. Nisiwafiche, nilisita. Viota vile nilivijua kimojakimoja na hakuna nilichotaka kumwachia. Nikatazama juu muda mrefu, kisha nikamwonyesha kimoja cha pembeni kabisa, kwenye tawi jembamba linalotikiswa na upepo wa ziwa.

"Kile pale."

Bi Zuhura akakinga jua kwa kiganja. "Kile kimeinama. Mnanipa kilema?"

"Kina makinda wawili."

"Kina mmoja, na huyo ana mafua. Nimekaa hapa chini kuliko wewe." Akanyoosha kidole bila kutafuta. "Nataka kile."

Kilikuwa kiota kikubwa kuliko vyote, katikati, juu kabisa ya kamba ya nguo.

"Lakini kile ndicho kinachokuchafulia mashati," nikasema.

"Ndiyo maana. Kikiwa changu, nitamgombeza nani?"

Nilijaribu kuuliza kuhusu fremu. Akanijibu huku akimpungia mkono yule fundi, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe na kamba yake: duka litakaa kule upande wa pili, dogo, na kama jiwe lina neno liseme. Hawezi mtu mwenye mifugo kukata zizi lake. Fundi akasema upande wa pili hakuna barabara, kuna njia ya mbuzi. Bi Zuhura akamwambia mbuzi nao hununua.

Mwezi uliofuata sikujua kama nizunguke au nisizunguke. Nikazunguka. Watu walitoa, wengine kwa mazoea, wengine kwa majivuno kwa sababu sasa walikuwa na sabuni ya kunukia, na kikapu kikatoa harufu kama saluni. Mzee Masatu alinipa ukucha wake wa kawaida. Nilipofika kwa Bi Zuhura aliniambia nisubiri hapohapo nilipo. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni kipya, alichokikata mwenyewe kwa uzi, akakiweka kando ya kiberiti changu ili nione, kisha akakitia kikapuni.

"Na mimi nina mfugo hapa," alisema.

Nikabaki nimeshika kikapu. Kisha nikafanya nilichokuwa nafanya kila mwezi: nikamkabidhi. Akakipokea, akakaa kwenye jiwe lake la kufulia, akavitoa vipande vyote na kuvipanga kimoja baada ya kingine, na cha kwake kikiwemo. Akavihesabu. Akavihesabu tena. Kisha akainua kimoja, chembamba kuliko vyote, akakishika kwenye mwanga.

"Huyu Masatu," akasema, "anadhani tunafuga bure?"